Mgomba Ulioletwa Msibani

Vijana wangu wa ugani, mliponiaga pale ofisini mlinipa jembe jipya lililofungwa utepe mwekundu. Asanteni sana. Nimelitundika sebuleni, maana mgongo wangu na jembe walishaachana zamani. Mkaniomba pia niandike kidogo. Mlisema, "Bibi Shamba, tuandikie yale ambayo chuo hakifundishi." Haya basi. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na mnavijua. Mshahara ndiyo kabisa, tusije tukalia bure. Nitaandika habari za siku zangu za mwanzo na za mzee aliyenifundisha kazi, halafu nitawaeleza habari ya Ma Adelina wa Kaisho na dada yake. Hiyo ndiyo kazi iliyonikosesha raha kuliko zote.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa hivyo kule Rugu, mama yangu alisema nilikuwa nalia hata kabla ya kuanguka. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na mtu asiye na haraka duniani, huniambia kwamba siku nikikosa la kuhofia nitahofia kwa nini nimelikosa. Kazi ya ugani ilinifaa kwa namna hiyo. Mkulima analala, wewe unawaza mvua yake.

Nilifika Kaisho mara ya kwanza nikiwa msichana mwenye viatu vya chuo, wakati huo Kyerwa, wilaya yenye Kaisho, bado ni sehemu ya Karagwe. Nilipokelewa na mzee Kabyemera, bwana shamba wa zamani, mwembamba, mwenye baiskeli isiyo na breki ambayo aliisimamisha kwa kisigino. Nilidhani atanipa vitabu. Alinitazama viatu, akasema, "Binti, hivyo vitakufa kabla ya Jumamosi." Vilikufa Alhamisi.

Siku hiyo hiyo alinipeleka kwenye kibanja cha mzee mmoja. Wale mliotoka mikoa mingine, kibanja ndilo shamba la migomba linalozunguka nyumba. Ndani yake kuna kahawa, kuna maharage, na kuna makaburi ya wenye nyumba. Huku mtu hazikwi mbali, anazikwa kwenye migomba yake. Basi mimi, kwa uhodari wa chuo, nikaingia nikiangalia juu, nahesabu mikungu na kutazama majani. Mzee Kabyemera akanikanyaga mguu. Kweli kweli, alinikanyaga.

"Shusha macho," akanong'ona. "Ukiingia kwa mtu usiangalie juu kabla hujamsalimia. Ataona umekuja kupima utajiri wake, au umekuja na jicho baya. Shikamoo kwanza. Kaa. Tafuna kahawa utakayopewa. Mgomba haukimbii."

Nikasema shikamoo, nikakaa, nikatafuna kahawa kavu mpaka ulimi ukawa mchungu. Ndipo mwenye nyumba mwenyewe akatuambia, "Twendeni mkaione migomba yangu, kuna mmoja sina raha nao." Tangu siku ile sijaingia kwa mtu nikiangalia juu. Nawaona nyie mnaingia na simu mkononi mnapiga picha majani hata mbwa hajawabwekea. Ala! Mtakanyagwa miguu.

Mzee Kabyemera alikuwa na kanuni nyingine nyingi, baadhi hazifai hata kidogo. Aliamini kahawa ikipaliliwa na mtu mwenye hasira haizai. Lakini moja niliibeba miaka yote: "Mkulima usimwambie ugonjwa umetoka kwa nani. Mwambie unaelekea wapi." Alisema mtu akijua ugonjwa umetoka kwa jirani, ataacha kutibu shamba ataanza kutibu jirani. Niliona ukweli wake mara nyingi. Watu wawili wa mpaka mmoja walikuja ofisini kwangu na mapanga kwa ajili ya funza wa migomba. Funza! Nikawaambia funza anaelekea kwa mtu wa tatu, wakaondoka pamoja kwenda kumwonya.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kisu cha kupasulia shina, muhoro wa mpini mfupi, ambao ni lile panga la huku lenye ncha iliyopinda, na baadaye, ulipoingia mnyauko, mti mrefu wenye panda mwishoni. Mti huo ndio kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kupewa na serikali, na serikali haikunipa, niliukata mwenyewe. Unauingiza kwenye shingo ya ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, unazungusha, linakatika bila chuma kugusa mgomba.

Mnyauko wengine mnaujua kwa picha tu. Mwombeni Mungu iwe hivyo hivyo. Majani yanaanza kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto, yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, upande mmoja zimeiva upande mwingine bado. Ukiikata ndizi, ndani ni kahawia. Ukikata shina ukasubiri kidogo, linatoa uteute wa manjano. Dawa haipo. Unang'oa na kufukia, unapitisha panga motoni, unaomba. Ugonjwa unabebwa na wadudu kutoka ua hadi ua, unabebwa na panga kutoka mgomba hadi mgomba, na unabebwa na machipukizi ambayo watu wanapeana kwa upendo. Kwa mtu wa wasiwasi kama mimi hiyo ilikuwa hukumu. Nilianza kuona manjano kila mahali. Niliona manjano kwenye gauni la mwalimu wa kwaya, nikakosa kuimba.

Nilizunguka vijiji nikihubiri. "Kila mgomba, panga motoni kwanza." Watu walinicheka. Waliniita Bibi Shamba mpika mapanga. Mzee mmoja aliniuliza kama panga likiiva nimpe na chumvi. Nilicheka naye, kisha nikarudi nyumbani nikiwa na roho juu, maana vijiji vya ng'ambo vilikuwa vimeshaanza kukata migomba yao.

Sasa nifike kwa Ma Adelina.

Alikuwa mke wa Ta Byabato (huku mwanamume mzima tunamwita Ta, mwanamke Ma), mtu wa jumuiya yetu ya kanisani, mpole, mwenye kibanja kizuri kuliko vyote upande ule wa Kaisho. Nasema kizuri, si kikubwa. Majani makavu yalikatwa yote, nyasi zimetandazwa chini, ukitembea husikii mguu wako. Hawakuwa na watoto waliobaki nyumbani, binti yao mmoja ameolewa mbali. Walikuwa wawili na migomba yao. Ta Byabato alifariki baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Wakamzika katikati ya kibanja, kivulini, mahali alipopenda kukaa akisuka vikapu.

Mazishi yenyewe sikuwahi, nilikuwa nimeitwa wilayani kwenye mafunzo. Nilifika siku iliyofuata kuhani. Nikasema pole, nikakaa na wanawake kwenye majani, tukasali. Kisha Ma Adelina akanishika mkono akaniongoza kaburini. Pembeni mwa kaburi, kwenye udongo ule mbichi, kulikuwa na chipukizi la mgomba lililopandwa jana yake, limefungwa kijiti cha kulishikilia, limemwagiwa maji.

"Dada yangu Skolastika ameniletea kutoka Igurwa," akasema. "Ni nshakala, ile ndizi ya kupika ya mama yetu. Mama alimpa yeye alipoolewa, mimi sikuwahi kuipata. Ameubeba kwenye pikipiki, ameufunga kwa majani kama mtoto."

"Skolastika yuko wapi nimpe pole?"

"Amerudi jana ile ile. Ana ng'ombe anakaribia kuzaa." Akainama, akaondoa jani kavu lililoanguka juu ya kaburi. "Aliupanda, akanawa mikono, akaondoka."

Niliogopa, siwafichi. Chipukizi lililotoka mbali, katikati ya migomba yote ile. Lakini taarifa zote zilisema Igurwa ni safi, na chipukizi lenyewe lilikuwa bichi, limesimama vizuri. Nikamwambia kwa upole nitapita kuliangalia mara kwa mara, na panga lake alipitishe motoni. Akaitikia kama mtu anavyoitikia msibani, kichwa kinakubali lakini mwenyewe hayupo.

Nilipita kila wiki. Nilipita hata siku ambazo njia yangu ilikuwa ya upande mwingine. Namsalimia kwanza, nakaa, nasubiri aseme twende, halafu tunakwenda wote na mimi nimebana pumzi. Ule mgomba ukawa ndio mazungumzo yake. Aliniambia umetoa jani. Aliniambia umepata mtoto. Nilimkuta mara nyingine anaongea nao Kinyambo, ananionea haya, anajifanya anakohoa. Nikajisemea mwacheni, huyu amepata cha kumtuliza, nani mimi wa kumtia hofu? Na rangi ilianza kumrudia usoni.

Kisha jani moja likalegea.

Niliona kabla yake. Tulikuwa tunaingia, nikaona jani la kati limeinama, na ukingo wake una manjano. Ma Adelina akasema, "Jua limekuwa kali wiki hii," nami nikasema ndiyo, jua. Nikaomba niukate kidogo shina. Nikakata. Tukasimama tunaangalia. Uteute ukatoka, polepole, wa manjano, kama usaha.

"Mawe!" akasema. Ndiyo "mama wee" ya huku. Basi, hilo tu.

Nikageuka kuangalia migomba iliyo karibu. Nikaona jani limelegea kulia. Nikaona jingine nyuma ya kaburi. Nikajua kwa jinsi yalivyofuatana kwamba haya hayakuletwa na nyuki. Nikamwuliza anapogoa vipi. Akanionyesha, maskini, kwa fahari kabisa. Kila asubuhi alichukua muhoro wa marehemu, akaanza na mgomba wa dada yake, akautoa majani makavu, akausafisha, halafu ndipo akaendelea na mingine, akizunguka kaburi. Kwa heshima alianza na ule. Ugonjwa ukawekwa kwenye chuma kila asubuhi na kutembezwa kwa mkono wa upendo.

Somo la panga motoni halikumpita sikio, alilisikia. Lakini ule ulikuwa muhoro wa mumewe, na alikuwa ameuona moto unaharibu mpini wa jirani. Hakutaka uungue.

Tulileta vibarua, tukang'oa. Si ule mmoja tu, mashina yote yaliyozunguka kaburi na mengine hadi karibu na jiko. Msidhani kazi hiyo ni ya nguvu tu. Kila shina lilikuwa na jina. "Huo alipanda Byabato mwaka binti alipopata Kipaimara." "Huo ulitulisha njaa ile." Vibarua walikuwa wanasimama na majembe wanasubiri amalize. Mchana kibanja kilikuwa kimefunguka, jua limeingia mpaka chini, na kaburi limebaki peke yake kwenye udongo mwekundu. Watu waliopita barabarani waliliona. Hakuna aliyewahi kuliona kutoka barabarani.

"Mume wangu anaungua jua," akasema Ma Adelina. Akavua kitenge chake cha mabegani akakitandika juu ya kaburi, akaweka mawe kwenye pembe.

Mimi nilikuwa napitisha mapanga motoni, moja moja, kwa sababu nilihitaji kitu cha kufanya. Akaja akasimama mbele yangu.

"Bibi Shamba, huu ugonjwa umetoka wapi?"

"Ugonjwa huu unatembea sana, Ma. Wadudu wanaubeba, mapanga yanaubeba..."

"Sikukuuliza unatembeaje. Nimekuuliza umetoka wapi."

Nilitamani mzee Kabyemera angekuwa hai anikanyage mguu. Kanuni yake ilikuwa mdomoni mwangu, tayari kabisa. Lakini kule Igurwa kulikuwa na kibanja kinachotoa machipukizi kwa majirani, na asubuhi ile nilikuwa nimeshampigia simu mwenzenu wa ugani wa kule akakague. Jambo hilo lingemfikia tu, na lingemfikia kwa midomo ya watu. Nikaona heri alisikie kwangu.

"Umetoka kwenye mgomba wa Igurwa, Ma. Hakujua. Hakuna aliyejua."

Akatazama mikono yake, juu na chini. "Na mimi nikawa naanza na ule."

"Na wewe hukujua."

Akaifuta kwenye gauni lake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza chumvi, "Skolastika akikuuliza, mwambie asije."

Jioni ile simu ililia. Mwenzenu wa Igurwa alikuwa amekuta mnyauko kwa Skolastika, ukianzia pembeni ambako hakuna aliyekuwa akipita. Akampa mwanamke mwenyewe simu. Sauti ilikuwa ya mtu mzima anayelia kama mtoto.

"Bibi Shamba, ni mimi kweli? Mgomba ule ni wa kwangu?"

"Ni wa kwako, Ma. Lakini hukujua."

"Nimemwua mdogo wangu. Mume amekufa, nikampelekea kifo kingine kwa pikipiki." Akalia. "Nitakuja kesho."

Nikamwambia alichosema mdogo wake. Nilimwambia polepole, lakini neno "usije" halina upole wowote. Simu ikakatika.

Sasa hapo ndipo ilipoanza hofu yangu ya kweli, vijana. Migomba nilikuwa najua nifanye nini nayo. Hawa wawili sikujua. Wazazi wao walishakufa, ndugu wengine hawana. Kila mmoja alikuwa amebaki na mwenzake, na neno langu ndilo lililopita katikati yao. Vijijini watu hawakunisaidia. Walianza kusema Skolastika alileta dawa, kwamba mgomba wa mama yao alinyimwa mdogo kwa sababu maalumu, na kwamba ng'ombe hakuwa na mimba hata kidogo. Nilipita kwenye vilabu vya rubisi nikieleza habari za bakteria kwa watu waliokwisha kulewa. Msijaribu. Mmoja alinijibu kwamba bakteria naye lazima awe na mtu aliyemtuma.

Nilijaribu kumfariji Ma Adelina, na ninaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa mbaya wa kazi hiyo. Nilimpelekea sukari. Nilimwambia kwamba misimu ikipita tutaleta miche safi kutoka kwenye maabara, haina ugonjwa hata chembe. Akaniuliza, "Huko maabara wanamjua Byabato?" Nilimwambia apande maharage pale palipofunguka, udongo utatulia na atapata chakula. Akaniangalia kama nimetukana. Nikaondoka mbio mbio, nikiwa nimesahau hata kifuniko cha kalamu yangu.

Lakini mvua zilipoanza alipanda. Hakuniambia. Nilifika nikakuta mistari ya maharage imezunguka kaburi, na kitenge kimeondolewa. Nikamwambia yamependeza. Akasema, "Tumbo halijui matanga." Kila nilipofika nilikagua kama kuna chipukizi lililofufuka, nikiliona naling'oa, kisha tunakaa mlangoni. Na kila mara nilizungusha maneno mpaka nimfikishe Igurwa. Nilisema barabara ya Igurwa imechongwa. Nilisema bei ya maharage Igurwa. Aliniambia ninywe chai.

Skolastika naye alinipigia simu kila Jumapili baada ya misa, jua au mvua. Hakuomba mengi. "Amekula? Amelala vizuri? Kuna anayelala naye?" Swali hilo la mwisho aliliuliza kila mara, nami nilijibu kwamba analala peke yake, na kila mara alinyamaza hapo. Mimi nilidhani analia kwa ajili ya migomba. Nilimwambia migomba itarudi, Ma, ardhi haikufa. Akasema ndiyo, kwa adabu.

Siku za mwisho za kazi yangu zilikuwa zinakaribia na nilianza kukosa usingizi. Niliwaza nikistaafu nani atabeba maneno katikati ya hawa wawili. Mume wangu alisema, "Kwani wewe ni daraja?" Nikamwambia nyamaza ushone.

Basi siku moja nilikuwa kwa Ma Adelina, ni wakati wa kuvuna yale maharage. Yeye anang'oa, mimi nakusanya, tumeinama. Pikipiki ikasimama barabarani. Bado tulikuwa tumefunga kamba pale mlangoni mwa kibanja, na chini ya kamba kuna karai la maji ya dawa kwa ajili ya viatu. Mwanamke mnene mwenye kilemba cheupe akashuka. Alilipa, pikipiki ikaondoka, yeye akabaki amesimama nje ya kamba. Nilimjua kwa sura, wanafanana vipaji vya uso.

Nilisimama wima na mafungu ya maharage mikononi, nikitafuta neno. Niliogopa kuwa atafukuzwa mbele yangu. Nilitamani hata kujificha jikoni.

Skolastika alivua kandambili. Akazitupa kule ng'ambo ya barabara, kabisa, mbali. Akaingiza miguu kwenye karai, mmoja, kisha mwingine, akaisugua. Halafu akanyanyua mikono yote miwili, viganja wazi, atuonyeshe. Hakuwa na kikapu, hakuwa na mkungu, hata mfuko wa sukari. Huku kwetu mtu mzima kwenda kwa ndugu bila kitu ni aibu ya kusemwa miaka.

"Nimekuja mikono mitupu," akasema. "Niliogopa kubeba kitu chochote."

Ma Adelina aliendelea kung'oa shina moja, akakung'uta udongo, akaliweka chini.

Mimi nikajiingiza, mdomo wangu huu. "Ma Adelina, dada yako hakujua. Ugonjwa haukuwa umeonekana Igurwa, hata sisi wataalamu..."

"Bibi Shamba," akasema bila kugeuka, "wewe na ugonjwa wako. Nani amesema habari ya ugonjwa?"

Nikafunga mdomo. Akanyoosha mgongo, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza.

"Mgomba ungeweza kuugua hata ungetoka mbinguni. Mimi sikukukataza kuja kwa sababu ya mgomba. Nilimzika mume wangu, dada. Nikatafuta uso wako nikaona mgongo wako kwenye pikipiki. Usiku ule nililala na wanawake wa jumuiya. Wazuri, wameniimbia. Lakini hakuna hata mmoja aliyelala nami kitanda kimoja nikiwa mdogo. Ulikuja ukapanda, ukanawa, ukaenda kwa ng'ombe."

"Ng'ombe alikuwa..."

"Ng'ombe anazaa peke yake."

Skolastika alishusha mikono. Alilia bila kujificha, kilemba kimeteleza. "Sikuweza kukuangalia," akasema. "Tangu utoto ukilia mimi nakimbia, unajua. Hata ulipovunjika mkono nilikimbia. Nikasema nikuletee mgomba wa mama, ukae na wewe badala yangu."

"Ukae na mimi."

"Ndiyo."

"Mgomba!" akasema Ma Adelina, na kitu kikamtoka kifuani, sikujua ni kicheko au kilio. Nadhani vyote vilikuja pamoja, vikasukumana mlangoni. Akajifuta kwa nyuma ya mkono, akajipaka udongo shavuni. "Skolastika, utalala?"

"Nitalala."

"Usiku mmoja?"

"Mpaka unifukuze."

Ma Adelina alikwenda akafungua kamba ile mwenyewe. Sikumkumbusha karai, alikanyaga nje bila kunawa miguu, na mimi, Bibi Shamba mpika mapanga, nilinyamaza. Akamshika dada yake mkono, akampeleka moja kwa moja kaburini katikati ya maharage yaliyobaki. Wakapiga magoti. Kisha nikaona anatandika majani makavu chini, pale pale mbele ya nyumba, kama siku ya kwanza ya msiba, na Skolastika akakaa, akanyoosha miguu yake mitupu, akaanza wimbo.

Nilisimama na maharage yangu kama mtu aliyekosea nyumba. Nikauliza nifanye nini, nichemshe chai, nimalize kuvuna, niite watu wa jumuiya?

Ma Adelina aliinua uso, umejaa machozi na udongo.

"Bibi Shamba, wewe nenda nyumbani," akasema. "Sisi tuna msiba."